Ukitundika daluga, chukua daftari

Zamu ya kuandika imetuangukia sisi vijana wa kujitolea upande wa michezo, hapa Namoto. Tulitaka kuandika habari za maji, lakini maji wenzetu wameshayaandika mara 2 na foleni ya kisima mnaijua. Acha leo tuongee mpira. Na siyo ule wa nani zaidi kati ya Messi na Ronaldo, huo mnaumaliza wenyewe pale kwenye kuchaji simu. Tunataka kuongea habari ya daftari.

Jumapili ya wiki ijayo tunachagua kamati mpya ya ligi yetu. Viti ni 5: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, msajili, na mtu wa nidhamu. Mpaka tunapoandika hapa, waliojiandikisha ni watu 6, na katika hao 6 hakuna hata mmoja aliyewahi kuvaa jezi kwenye ligi yetu. Hatuwasemi vibaya, ni watu wetu. Lakini tulizunguka kwa manahodha wote 8, mmoja mmoja, tukawaomba wagombee. Wote wamekataa. Mmoja alitujibu hivi: "Mimi mtu wa uwanjani bwana, hayo ya makaratasi waachieni wenye kupenda vikao." Wengine wakacheka, wakakubaliana naye.

Sisi hatukucheka. Tunaona jibu hilo ndilo lililoua ligi yetu msimu uliopita, na likiachwa litaiua tena.

Tukumbushane kidogo, maana wengine mlikuwa hamjafika. Msimu uliopita timu 8 zilitoa kila moja meticais 500 za mipira na dawa ya vidonda. Hiyo ni 4,000. Ukinunua mipira 2 ya maana, bandeji na spiriti, na chenji inabaki. Ulikuja mpira mmoja, ukapasuka wiki ya pili kwenye miba. Pesa nyingine haikuonekana. Kijana aliyekusanya anasema alitumia yote kwa kazi ya ligi, na akataja alichonunua. Sasa hapo ndipo penye ugumu. Hatuna karatasi ya kumwambia "umekula", na yeye hana karatasi ya kutuambia "sikula". Huenda ni mwizi. Huenda ni mtu safi kabisa. Mpaka leo mama yake akienda kisimani wanawake wananyamaza. Kijana mwenyewe haji tena uwanjani.

Halafu ikaja ile nusu fainali. Mchezaji mmoja alikuwa amechezea timu ya wavuvi mwanzo wa msimu, akaonekana na jezi ya timu ya upande wa barabarani. Timu moja ikasema amehama kihalali, nyingine ikasema ameibwa. Mwamuzi akauliza, "Usajili uko wapi?" Usajili haukuwepo, na hapa tukubali kosa letu. Sisi wa kujitolea ndio tuliosema tutaandika majina, halafu hatukuandika. Tulisema tutaandika kesho, na kesho ikawa wiki ya 6. Zikatoka fimbo. Mdogo wetu mmoja akavunjika mkono. Na kwa jinsi hali ya huku ilivyo, mkusanyiko wa vijana wenye fimbo hauonekani kama mpira. Uwanja ukafungwa miezi 2.

Jioni za miezi ile 2 zilikuwa ndefu. Mnajua wenyewe. Kulikuwa na vijana wawili wa pale karibu na mwembe ambao waliondoka bila kuaga, na mpaka leo hatujui walikoelekea. Hatusemi ni kwa sababu ya mpira, itakuwa uongo. Tunasema tu kwamba saa 10 jioni walikuwa na mahali pa kuwa, halafu pakafungwa.

Kwa hiyo mtu akituambia daftari ni kazi ya wapenda vikao, tunaona hajaelewa kilichotokea.

Sasa tuwaletee habari ya mtu mmoja. Tuliipata mwanzo kwa mzee mvuvi hapa kwetu ambaye ujana wake aliumalizia ng'ambo ya Ruvuma, Mtwara, akisikiliza redio. Baadaye tukamfuatilia wenyewe. Ni Leodegar Tenga.

Wadogo zetu wengi jina hili halimo kichwani mwao, wanawajua akina Samatta. Tenga alikuwa beki wa kati. Mpira wa klabu alicheza Pan African ya Dar es Salaam, ile klabu iliyozaliwa katikati ya miaka ya 1970 baada ya wana Yanga kugombana na kugawanyika. Yaani hata klabu yake mwenyewe ilitokana na ugomvi wa uongozi. Na alikuwa nahodha wa Taifa Stars iliyokwenda Lagos mwaka 1980 kucheza Kombe la Mataifa ya Afrika, mara ya kwanza kwa Tanzania.

Siku hizo kombe lilikuwa na timu 8 tu, makundi 2 ya timu nne nne. Kufika pale ilibidi kuitoa Zambia, na mzee wetu akifika hapa anasimama kabisa kuonyesha jinsi Peter Tino alivyosawazisha kule Ndola. Lagos kwenyewe mambo yalikuwa magumu. Mechi ya ufunguzi walikutana na mwenyeji Nigeria wakafungwa 3-1. Misri wakafungwa 2-1. Na Ivory Coast wakatoka 1-1. Wakarudi nyumbani na pointi moja. Nigeria ndiyo iliyochukua kombe.

Baada ya hapo Tanzania ilikaa miaka 39 bila kurudi. Iliporudi ilikuwa Machi 24, 2019, walipoifunga Uganda 3-0 Dar es Salaam. Siku ile baadhi yetu tulikuwa Palma, tulisikiliza kelele kwenye redio ya muuza duka, na watu wa kwetu walishangilia kama timu ni yao, maana ndugu zetu nusu wako ng'ambo ya mto. Tarehe hiyo hiyo, Machi 24, miaka 2 baadaye, Palma ikavamiwa na sisi tukakimbia. Ndiyo maana tarehe ile hatuisahau kwa pande zote mbili.

Turudi kwa Tenga. Alipotundika daluga angeweza kuishi kwa jina. Nahodha wa 1980! Angekaa kijiweni kila siku ananunuliwa kahawa, anasimulia Lagos mpaka uzee. Yeye alikuwa na shule yake pia, ni mhandisi kwa elimu, akafanya kazi za watu wazima. Mwisho wa mwaka 2004 akagombea uongozi wa mpira wa Tanzania na akachaguliwa kuwa rais wa TFF.

Mjue alipokea nini. Chama cha zamani, FAT, kilikuwa kimechosha watu kwa migogoro. Kesi, makundi, viongozi kutoelewana na serikali. Kampuni ikitaka kutoa pesa inaogopa, haijui itampa nani na risiti itatoka wapi. Ni kama sisi na zile 4,000, ila kwao ilikuwa na sufuri nyingi zaidi. Tenga na wenzake walianza na TFF mpya, yenye katiba na kamati zake, na wakaifanya ofisi ionekane ni ofisi. Wadhamini wakaanza kuingia kwenye timu ya taifa na kwenye ligi. Mwaka 2006 akaja kocha Mbrazili, Marcio Maximo, na mshahara wake serikali ya Rais Kikwete ikaubeba. Jamani, serikali haibebi mshahara wa kocha wa chama isichokiamini.

Matokeo yakaonekana kiasi. Mwaka 2009 Tanzania ilikuwa kati ya timu 8 za CHAN ya kwanza kabisa, lile kombe la wachezaji wanaocheza ligi za ndani, kule Ivory Coast, na ikamfunga mwenyeji 1-0. Juni 2010 Brazil wenyewe wakatua Dar es Salaam wakijiandaa kwa Kombe la Dunia la Afrika Kusini. Tanzania ikafungwa 5-1, lakini uliza mtu yeyote aliyekuwepo kama anajutia tiketi yake. Desemba mwaka huohuo Kilimanjaro Stars wakachukua Kombe la Chalenji Dar es Salaam, fainali wakiifunga Ivory Coast 1-0 iliyokuja kama timu mwalikwa. Na Tenga mwenyewe kuanzia 2007 alikuwa mwenyekiti wa CECAFA, mpira wote wa Afrika Mashariki na Kati, na baadaye akakaa katika Kamati ya Utendaji ya CAF.

Tusimpambe kupita kiasi. Miaka yake karibu 9 pale TFF, Taifa Stars haikufuzu Kombe la Mataifa hata mara moja. Walalamikaji walikuwepo kila wiki, na hoja yao ilikuwa nzito: nahodha wa 1980 ameshindwa kuirudisha timu alikoifikisha yeye kwa miguu yake. Ni kweli. Kukaa ofisini hakufungi magoli. Mwenye kutaka kamati ili timu yake ishinde, asigombee, atavunjika moyo au ataiba mechi.

Lakini kuna jambo moja tunalompendea kuliko Chalenji na Brazil. Mwaka 2013 muda wake ulipofika, hakugombea tena. Uchaguzi ule ulikuwa wa vurugu. Uliahirishwa, watu wakakata rufaa, FIFA ikaingia kati mpaka mchakato ukaanza upya. Katika fujo kama ile ni rahisi sana kwa aliyekaa kitini kusema "basi acheni niendelee mpaka hali itulie." Wangapi tunawajua wamesema hivyo, kwenye mpira na nje ya mpira? Yeye aliusimamia mpaka ukafanyika Oktoba 2013, akachaguliwa Jamal Malinzi, naye akakabidhi. Baadaye akapewa kazi nyingine, uenyekiti wa Baraza la Michezo la Taifa. Mtu aliyekabidhi vizuri huitwa tena.

Sasa tunajua mtauliza, maana tuliulizwa tulipolisema hili kwenye kikao cha Ijumaa. Je, kila aliyecheza vizuri ataongoza vizuri? Hapana. Na mfano uko Kenya. Kipchoge Keino hahitaji utangulizi. Dhahabu ya mita 1,500 Mexico 1968, dhahabu ya kuruka viunzi na maji Munich 1972, na yeye na mkewe wamelea yatima wengi nyumbani kwao Eldoret. Ukitafuta mtu mwema na jina kubwa, humpati wa kumzidi. Aliongoza Kamati ya Olimpiki ya Kenya kuanzia 1999 mpaka 2017. Na bado Olimpiki ya Rio 2016 ikawa aibu. Wanariadha walilalamika kuhusu vifaa na safari, jezi na viatu vyao vikakutwa kwa watu, watu wakakamatwa, serikali ikatangaza kuivunja kamati. Keino mwenyewe hakutiwa hatiani na mahakama, hilo liandikwe wazi. Lakini miaka 18 kwenye kiti kimoja ni mingi. Jina zuri la mwenyekiti halihesabu viatu stoo. Viatu vinahesabiwa na mtu mwenye orodha, na mtu mwingine anayekuja kuikagua ile orodha. Aliyempokea ni mwanariadha mwingine, Paul Tergat, kwa hiyo Wakenya hawakusema "wachezaji basi". Walibadilisha mtu, hawakufunga mlango.

Kwa hiyo hoja yetu siyo kwamba nahodha ni malaika. Hoja yetu ni hii: aliyecheza anajua maumivu ya uongozi mbovu kwenye mwili wake. Anajua kusimama juani saa nzima kwa sababu mwamuzi hajaambiwa. Anajua kufungwa kwa pointi za mezani kwa kosa la karatasi ambalo hakulifanya yeye. Akipewa kalamu, ana sababu ya kuitumia vizuri kuliko mtu ambaye kwake ligi ni kikao na soda.

Mwangalieni Kalusha Bwalya wa Zambia. Aprili 1993 wenzake wa timu ya taifa waliokuwa kwenye ndege walifia baharini pale Gabon, ndege hiyo ilipoanguka. Yeye alikuwa Ulaya anacheza, alitakiwa kusafiri kivyake, ndiyo akabaki. Alicheza tena, akawa kocha, halafu 2008 akawa rais wa chama cha mpira cha Zambia. Mwaka 2012 Zambia ikachukua Kombe la Mataifa ya Afrika, na fainali ilikuwa Libreville, mji uleule wenzake walipoondokea. Sisi tuliopoteza watu tunamwelewa vizuri. Kuna kazi unaifanya kwa sababu wale ambao ungefanya nao hawapo. Na yeye pia, 2016 alishindwa kwenye kura, akatoka.

Basi tuseme kazi yenyewe ni nini, maana tunahisi manahodha wetu wanaikimbia kwa kutoijua. Siyo kizungu cha mtu.

Kwanza ratiba. Timu zetu ni 8. Kila timu ikikutana na nyingine mara moja, kila moja inacheza mechi 7. Zidisha 8 kwa 7 unapata 56, gawa kwa 2 kwa sababu kila mechi ina timu mbili, unabaki na mechi 28. Tukicheza mechi 4 kila mwisho wa wiki, 2 Jumamosi na 2 Jumapili, ligi inaisha wiki 7. Ndiyo hesabu yote. Msimu uliopita ratiba ilipangwa kwa mdomo, ikafika mahali timu moja imecheza mechi 9 na nyingine 5, na bado watu wanabishana nani anaongoza.

Pili usajili. Jina, umri, timu, na alama ya kidole au sahihi. Mchezaji mmoja, timu moja, msimu mmoja. Akitaka kuhama, anahama kabla ya msimu kuanza na manahodha wote wawili wanatia sahihi. Huko duniani TFF na CAF wanatumia kompyuta, sisi kurasa 8 za daftari zinatosha, kila timu ukurasa wake. Laiti zingekuwepo, yule mdogo wetu angekuwa na mkono mzima.

Tatu ripoti ya mechi. Huko kwa wakubwa kuna kamisaa, mtu anayekaa pembeni siyo kushangilia, anaandika. Mechi imeanza saa ngapi, nani kafunga, nani kapewa kadi, nani kaumia. Timu isiyotokea inapoteza kwa 3-0, na hii isemwe kabla, siyo siku ya siku.

Nne pesa. Iliyoingia upande huu, iliyotoka upande huu, na risiti imebandikwa. Duka halitoi risiti? Muuzaji aandike bei kwenye kipande cha karatasi atie sahihi. Halafu kila Jumapili kabla ya mechi ya pili, mweka hazina anasimama katikati ya uwanja anasoma kwa sauti. Wasiojua kusoma wanasikia. Mama wa mweka hazina naye anasikia.

Kazi hiyo nahodha haiwezi? Nahodha ambaye kila jioni anakumbuka nani ana goti bovu, nani kagombana na nani, nani hajala tangu asubuhi? Anaiweza. Kama kuandika kunamsumbua, sisi tupo, tutakaa naye. Tumemaliza sekondari, kazi yenyewe hatuna, hiyo elimu tutaitumia wapi kama siyo hapa?

Na dada zetu. Hapa tutasemwa lakini acha tuseme. Lurdes Mutola, aliyeleta dhahabu ya kwanza ya Olimpiki ya nchi hii, mita 800, Sydney 2000, utotoni kwao Maputo alikuwa anacheza mpira na wavulana. Alipomaliza riadha akarudi tena kwenye mpira, akaichezea Msumbiji kwenye Michezo ya Afrika ya 2011 Maputo akiwa karibu na miaka 40. Akawa kocha wa wengine, akaanzisha taasisi ya kusaidia vijana. Hapa kwetu wasichana wanacheza asubuhi kabla ya jua, wakimaliza wanakwenda mashambani. Katika viti 5, tunaomba angalau kimoja kiwe cha mmoja wao. Na tukisema ukweli, daftari pekee lililo safi katika kambi hii ni la kikundi cha wanawake cha kuweka akiba. Tumeliona. Kila meticali imo. Hatuhitaji kwenda CAF kujifunza.

Kuna kaka mmoja alituambia, "Nyie mnapanga ligi ya wiki 7, mnajua tutakuwa hapa wiki 7?" Hatujui. Tumekimbia mara ngapi, wengine mara 2, wengine 4. Lakini tumeshakaa hapa tukisubiri kwa miaka, na kila mwaka tumesema haina haja ya kupanga kwa sababu tutaondoka. Tungekuwa tumepanga tangu mwaka wa kwanza, sasa hivi tungekuwa na daftari la misimu kadhaa. Na daftari linabebeka. Siku ile Palma watu walikimbia bila viatu, lakini kila mtu anamjua mmoja aliyekimbia na vyeti vyake ndani ya mfuko wa plastiki kiunoni.

Tunachoomba ni kidogo, manahodha wetu.

Wawili kati yenu, wale ambao magoti yameanza kusumbua na wenyewe mnajijua, mjiandikishe kabla ya Ijumaa. Siyo lazima muache kucheza, ila ukiwa kwenye kamati usiamue kesi ya timu yako, unatoka nje mpaka wenzako wamalize. Wale 6 waliokwisha kujiandikisha wasiondoke, wabaki wapigiwe kura pamoja nanyi, kazi inawatosha wote. Na kabla ya kupiga kura tukubaliane mtu akae misimu 2, basi. Siku ya mwisho akabidhi daftari mbele ya watu, likiwa limefungwa hesabu. Tumeshalinunua tayari, lile kubwa la kurasa 200, lina jalada gumu. Kwenye ukurasa wa kwanza tumeandika deni letu: meticais 4,000 za msimu uliopita, hazijapatiwa maelezo. Tumemtumia habari yule kijana kwamba akitaka kuja kueleza, atasikilizwa na yatakayosemwa yataandikwa, yake na ya wanaomlalamikia.

Amejibu kwamba atafikiria. Sisi tumeona hilo ni jambo.

Uchaguzi ni Jumapili saa 9 alasiri, palepale uwanjani, jua likipungua. Anayetaka kujiandikisha atukute kwenye kuchaji simu asubuhi, na asiyekuwa na simu aje hivyo hivyo. Tulipokosea tusameheane na mtusahihishe. Tunawatakia wiki njema, na kina mama wa daftari la akiba, tutakuja kuwasumbua mtufundishe.